Tableti mpya, kioo cha manjano: angalia vizuri mbele ya kulipa

Malalamiko haya tunayasikia mara mingi tukizungumza na familia za wafanyakazi wa mine, toka Fungurume mpaka Tenke na Kolwezi. Mushahara umeingia, mzazi ametosha makuta pembeni kwa ajili ya tableti ya mtoto anayejitayarisha kwa Examen d'État. Anafika ku magazini, karto imefungwa vizuri, tableti inawaka, picha inapendeza. Analipa. Magaribi nyumbani mtoto anafungua kitabu chake, ukurasa mweupe, na hapo njo wanaona: upande mmoja wa kioo ni mweupe, upande mwingine ni wa manjano kama gazeti la zamani. Ama kuna nukta nyekundu katikati, haitoki hata ukipangusa namna gani.

Kesho yake anarudisha, na majibu ya muuzishaji yanajulikana. La kwanza: « Papa, iko mupya, ile rangi itaisha yenyewe. » La pili: « Sisi tulikupatia ikiwa muzima. Ni weye uliiangusha. »

Hatusemi kama wauzishaji wote ni wezi. Mara mingine jibu la kwanza ni la kweli, tutaona kwa nini. Mara mingine mteja kweli ameiangusha na hataki kusema. Shida ni hii: tableti ikiisha kutoka ku mlango wa magazini, ni vigumu sana kuonyesha ni nani aliyekosa. Ndiyo maana tunasema dakika kumi mbele ya kulipa zina nguvu kuliko siku kumi za mabishano. Tutaeleza namna ya kuzitumia hizo dakika kumi, na pia cha kufanya kama umekwisha kununua.

Ndani ya kioo kuna nini

Kioo cha tableti si kipande kimoja. Mu tableti mingi za bei ya kawaida kuna tabaka kadhaa. Nyuma kabisa kuna taa ndogondogo za LED, mara mingi zimepangwa ku ukingo mmoja. Mwanga wao unasambazwa na bamba la plastiki na karatasi nyembamba mpaka ufike kioo chote. Mbele yake kuna ute mwembamba sana unaogeuka umeme ukipita, kama pazia linalofunguka na kufunga. Kisha kuna rangi tatu: nyekundu, kijani na bluu. Kila nukta ya picha iko na vipande vitatu vya rangi hizo. Tableti ya nukta 1280 kwa 800 iko na nukta 1 024 000, maana yake vipande vya rangi zaidi ya milioni 3, na kila kimoja kinaombwa kufanya kazi.

Jambo moja linasaidia kuelewa ile rangi ya manjano. Taa nyeupe ya LED, kwa kweli, ni taa ya bluu iliyopakwa unga wa manjano; bluu na manjano zikichanganyika, jicho linaona nyeupe. Unga ukizidi kidogo, weupe unavuta ku manjano. Ukipunguka, unavuta ku bluu. Kwa hiyo tableti mbili za aina moja, zilizotoka kiwanda kimoja, zinaweza kutofautiana kidogo ukiziweka pamoja. Hiyo si ugonjwa. Manjano kidogo ya kioo chote ni jambo moja. Manjano ya upande mmoja ama ya kona ni jambo lingine. La pili njo la kurudisha.

Tableti za bei kali zaidi zinaweza kuwa na kioo cha OLED. Humo hakuna taa ya nyuma: kila nukta inatoa mwanga wake yenyewe. Nyeusi yake ni nyeusi kabisa, lakini iko na magonjwa yake: mistari ya kijani, ama rangi ya waridi inayoonekana mwanga ukipunguzwa, ama alama ya picha iliyokaa muda mrefu mahali pamoja.

Nyuma ya vyote hivyo kuna batri, na mu batri mingi za tableti na simu kuna kobalti, kama ile inayotoka hapa Tenke. Mu nyaya kuna shaba. Kitu kilichotoka mu udongo wetu kinarudi kwetu ndani ya karto, kwa bei ya dola. Angalau tukiangalie vizuri mbele ya kukilipa.

Si kila manjano ni ugonjwa

Mbele ya kumshitaki muuzishaji, tosha kwanza mambo manne.

Kwanza, plastiki ya kiwanda. Tableti mpya inafunikwa na karatasi ya plastiki ya kuilinda mu safari. Karatasi hiyo inaweza kuleta madoa, mapovu ya hewa, na rangi kama za upinde wa mvua. Huwezi kupima kioo kupitia plastiki. Muuzishaji akisema « ukitosha ile plastiki, umekwisha kununua », mwambie kwa upole kama haununui kitu usichokiona. Akikataa kabisa, kuna magazini zingine.

Pili, reglaji. Fungua « Paramètres », kisha « Affichage ». Tafuta maneno « Éclairage nocturne », « Confort visuel » ama « Mode lecture ». Kazi yake ni kupunguza mwanga wa bluu magaribi ili macho yapumzike, na kioo chote kinakuwa cha manjano ama cha machungwa. Ku iPad inaitwa « Night Shift », na kuna nyingine inaitwa « True Tone », iliyoanza ku iPad mu mwaka 2016, inayofuata mwanga wa chumba: chini ya taa ya manjano, kioo nacho kinavuta ku manjano. Zima zote, kisha angalia tena. Pitia pia ku « Accessibilité »: kama « Correction des couleurs » ama « Inversion des couleurs » imewashwa, rangi zote zinaharibika. Mtoto akichezea tableti anaweza kuiwasha bila kujua.

Tatu, miwani. Madereva wengi na wafanyakazi wa kwenye jua wanavaa miwani yenye kukata mng'ao. Miwani hiyo na kioo cha tableti vinachuja mwanga kwa mwelekeo fulani. Ukigeuza tableti, picha inaweza kuwa nyeusi ama kuleta madoa ya rangi. Tosha miwani. Kama picha inarudi, tableti ni nzima.

Ine, joto. Tableti iliyoachwa mbele ya gari, nyuma ya kioo, mu jua la saa sita, inaweza kuonyesha doa jeusi kubwa, sababu ule ute wa ndani ukipata joto sana haugeuki tena. Mara mingi ikipoa mu kivuli inarudi. Usiimwagie maji, usiiweke mu frigo. Apple inashauri iPad itumiwe mahali penye joto kati ya digrii 0 na 35. Mu gari lililofungwa mu jua, tunapita hapo haraka.

Dakika kumi mu magazini

Jitayarishe mbele ya kutoka nyumbani. Ku simu yako weka picha tano zisizo na kitu ndani isipokuwa rangi moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu. Kijana yeyote anayejua programu ya kuchora anaweza kuzitengeneza kwa dakika chache. Utazituma mu tableti kwa Bluetooth, ama utazibeba mu karte memwari. Kama huna, bado kuna njia: ukurasa mtupu wa programu ya kuandika unakupa nyeupe, na kamera iliyofunikwa kwa kidole inakupa karibu nyeusi.

Kisha fanya hivi, kwa utaratibu:

1. Pangusa kioo, peleka mwanga juu kabisa, weka nyeupe. Angalia kona ine, kisha katikati. Je, weupe ni mmoja? Tafuta nukta nyeusi, madoa, upande wa manjano.

2. Punguza mwanga mpaka karibu na chini, ukiacha ile nyeupe. Madoa mengine, hasa ya OLED, yanaonekana hapo tu.

3. Weka nyeusi, mwanga juu. Sasa unahitaji giza. Usione haya: jifunike koti, ama mama atumie kikwembe chake, weye na tableti ndani. Tafuta nukta zinazowaka, na mwanga unaovuja ku ukingo.

4. Pitisha nyekundu, kijani, bluu. Nukta iliyokwama inajionyesha kwa rangi ambayo si yake.

5. Inamisha tableti kushoto, kulia, juu, chini. Kama ukiangalia toka chini picha inageuka kama negative ya foto, kioo ni cha aina ya bei chini. Haijaharibika, ndivyo kilivyo. Lakini bei nayo inapaswa kuwa chini.

6. Vuta kidole pole pole ku kioo chote, ukiburuta picha ndogo ya programu moja bila kuiachia. Ikianguka mahali pamoja kila mara, kidole hakisikiki pale.

7. Ichomeke ku sharjeri yake na urudie kuvuta kidole. Tableti inayoruka-ruka ama kutetemeka ikiwa ku umeme tu, mara mingi ubaya uko ku sharjeri, si ku kioo. Omba nyingine ujaribu.

Muuzishaji mwaminifu hatakasirika. Yeye pia anapata faida: mteja aliyeangalia mwenyewe hatarudi kesho na makelele.

Kosa gani ni kosa

Nukta nyeusi isiyowaka kabisa imekufa. Nukta iliyobaki nyekundu, kijani ama bluu imekwama. Hiyo mara mingine inaamka. Mwanga unaovuja ku ukingo wakati wa nyeusi ni kitu cha kawaida kama ni kidogo. Kama unaonekana hata ukiangalia filme mu chumba chenye taa, ni mwingi mno. Doa jeupe kama mbalamwezi ndogo mara mingi linatoka ku kitu kinachosukuma kioo toka nyuma. Mstari ulionyooka toka juu mpaka chini unaonyesha waya ama muunganisho ulioachia. Huo hautaisha wenyewe.

Viwanda vyenyewe mara mingi haviahidi kioo bila kosa hata moja. Kanuni ya kimataifa ISO 13406-2 ya mwaka 2001, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na ISO 9241 mu mwaka 2008, ilipanga vioo mu madaraja. Mu daraja la pili, kwa kila nukta milioni moja, ilikubali nukta 2 zinazowaka siku zote, nukta 2 zilizokufa, na vipande 5 vya rangi vyenye kosa. Rudi ku tableti yetu ya nukta 1 024 000: kwa hesabu hiyo, kiwanda kinaweza kukuambia nukta moja nyeusi si sababu ya kubadilisha. Weye, pale mu magazini, mbele ya kulipa, hauna lazima ya kufuata hesabu ya kiwanda. Unasema tu: « Nipatie ingine. » Ukiisha kulipa, nguvu hiyo inapunguka sana.

Usifikiri pia kama bei kali inaondoa shida. Mwishoni mwa mwaka 2021, wanunuzi wa iPad mini mpya walilalamika kwamba wakisoma na kusukuma ukurasa, upande mmoja wa maandishi unachelewa kufuata mwingine, picha inayumba kama gelatine. Apple ilijibu kama hiyo ni tabia ya kawaida ya kioo cha aina hiyo. Lakini mwaka 2020, wenye simu za Samsung Galaxy S20 Ultra waliona rangi ya kijani mu mwanga mdogo, na hapo marekebisho ya programu yalisaidia. Ndiyo maana, kama kosa ni la rangi ya kioo chote, fanya « Mise à jour » mbele ya kukata tamaa. Kama ni la kona moja, ya nukta ama ya mstari, mise à jour haitafanya kitu.

Kama umekwisha kununua

Piga kwanza picha ya kioo kwa tableti yenyewe, ile « capture d'écran », kisha uitume ku simu nyingine. Doa likionekana pia ku simu, linatoka ku programu: ondoa programu iliyoingia mwisho. Lisipoonekana ku simu, na reglaji umekwisha kuzima, ubaya uko mu kioo chenyewe. Piga basi foto ya tableti kwa kutumia simu, na tarehe, siku ile ile.

Nukta iliyokwama unaweza kuijaribu kwa programu inayobadilisha rangi haraka haraka mahali pale, kwa nusu saa ama zaidi. Mara mingine inaamka. Iliyokufa haiamki. Usifuate shauri la kusukuma kwa kidole gumba ama kwa kifuniko cha biki: unaweza kuzaa doa jeupe pale palipokuwa na nukta moja tu, na garanti yako inaisha hapo hapo.

Na ile « itaisha yenyewe »? Tabaka za kioo zinaungwa kwa gundi, na gundi isiyokauka vizuri inaweza kuacha rangi. Mu mwaka 2010, iPhone 4 ilipotoka, wanunuzi walionyesha madoa ya manjano, na wengi walisema yalipotea kisha siku chache. Kwa hiyo muuzishaji anaweza kuwa anasema kweli. Lakini kweli hiyo iandikwe. Aandike ku faktire: kosa ni hili, tarehe ni hii, kisha siku saba likibaki atabadilisha. Kama anaamini maneno yake, kuandika hakumuumizi.

Kuna hali moja ambayo hatutanii. Kama doa jeupe linakua kila siku, kama kioo kinaanza kuinuka ku ukingo, ama tableti haikai tena vizuri juu ya meza, batri inavimba. Izime, itoshe ku sharjeri, usiisukume ili ifunge, usiitoboe, usiiache ku kitanda ambapo watoto wanalala. Iweke mbali na vitu vinavyowaka na uipeleke kwa fundi anayejua. Batri ya namna hiyo inaweza kushika moto. Hapo jambo si tena rangi ya kioo; ni nyumba.

Sheria inasema nini

Inchi yetu iko na sheria ya zamani juu ya mapatano na mauzo: dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ile mawakili wanaita Code civil, livre III. Inatofautisha kosa la kujificha na kosa la kuonekana. Kosa la kujificha, lenye kufanya kitu kisifae kwa kazi yake, ni juu ya muuzishaji: mnunuzi anaweza kurudisha kitu na kupata makuta yake, ama kukibakisha na kurudishiwa sehemu ya bei. Lakini anapaswa kuamka haraka. Sheria inaomba muda mfupi. Kosa la kuonekana, lile mnunuzi angeweza kujionea mwenyewe, muuzishaji hajibu juu yake.

Soma tena ile ya mwisho. Upande wa manjano unaoonekana ku ukurasa mweupe, hakimu anaweza kusema ulipaswa kuuona. Hii ndiyo sababu kubwa ya zile dakika kumi.

Faktire mingi ziko na maneno haya chini: « Les marchandises vendues ne sont ni reprises ni échangées ». Watu wanasoma na wanaogopa. Maneno hayo hayamlindi muuzishaji aliyejua kosa na akanyamaza. Lakini kuonyesha kama alijua ni kazi. Ni rahisi zaidi kumuomba aandike garanti yake kwa mkono: siku ngapi, kwa kosa gani, ataleta nyingine ama atatengeneza. Faktire ionyeshe jina la magazini, tarehe, aina ya tableti na namba yake ya mfululizo, ile iliyo ku karto. Hakikisha namba ya karto na ile ya « À propos de la tablette » ni moja. Bila faktire, mbele ya muuzishaji, mbele ya chifu ama mbele ya tribinali, unabaki na maneno tu.

Uliza tena garanti ni ya nani. Garanti ya kiwanda mara mingi inafuata inchi ambako kitu kilipangwa kuuzishwa. Tableti iliyoingia kwa njia ya begi ya msafiri inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isiwe na mtu wa kuitengeneza hapa.

Ukimtuma mtu

Wengi wetu hatuendi wenyewe. Mtu wa Tenke mwenye kazi ya usiku anampa makuta yaya yake anayeenda Kolwezi, ama dereva anayeshuka Lubumbashi. Tableti inarudi mu gari, katikati ya magunia, ku barabara yenye mashimo, na ikifika na doa hakuna anayejua lilitoka ku kiwanda, ku magazini ama mu njia. Kila mtu anaonyesha mwingine kidole, na jamaa inagawanyika juu ya kioo.

Mpatie uliyemtuma kazi kamili, si makuta peke yake. Mpe zile picha tano. Mwombe afungue karto pale pale, apige foto ya kioo kikiwa cheupe na kikiwa cheusi, na faktire pembeni, kisha akutumie mbele ya kulipa. Mu njia tableti ikae mu karto yake, katikati ya nguo, isilale chini ya kitu kizito. Ikifika, ifungueni wote wawili pamoja. Hapo yaya yako amelindwa na weye umelindwa.

Familia inayotosha mushahara wa siku mingi kwa ajili ya masomo ya mtoto haina sababu ya kununua kwa haya. Muuzishaji anahesabu noti zako moja moja mbele ya kuziweka mu sanduku, na hakuna anayemcheka. Weye nawe angalia kona ine.